Trela ya mita ngapi? Mwongozo wa wawili wanaoanza biashara ya chakula Njiru

Pita Kangundo Road jioni, kuanzia Saika, Njiru, mpaka Ruai, na utaona zimejipanga: trela za chipsi, za smoki na mayai, za kahawa, za juisi. Nyingi zinaendeshwa na watu wawili, na mara nyingi wawili hao ni mke na mume, au wapenzi ambao wameamua kuweka pesa pamoja kabla hata ya kuweka harusi. Kwa hivyo haitushangazi kwamba swali hili linatufikia mara kwa mara: "Tumeweka akiba, tunataka kutengenezewa trela. Tuchukue ya mita ngapi?"

Ni swali zuri, ila mara nyingi linaulizwa kwa kuangalia urefu peke yake. Mita mbili, mita tatu, mita nne, basi. Kisha dipositi inatumwa, fundi anaanza kukata chuma, na miezi mitatu baadaye ndipo wawili wanagundua kwamba hawawezi kupishana ndani, au kwamba hakuna gari la jirani linaloweza kuivuta. Chuma kikishachomelewa hakipunguzwi kama suti kwa fundi cherehani. Ile ni akiba ya mwaka mzima au zaidi imesimama kwa ploti ya mtu.

Katika makala hii tunakupa mpangilio wetu wa kuamua saizi: kwanza nani atafanya kazi, pili upana, tatu uzito, nne mahali, na mwisho pesa. Urefu utajitokeza wenyewe.

Anza na siku ya mtu mmoja

Kaeni chini nyinyi wawili na mwandike wiki moja ya kawaida. Nani yuko ndani ya trela Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi? Nani yuko Ijumaa saa mbili usiku? Kwa wengi wanaoanza, mmoja bado ana kazi ya mshahara au ya kibarua, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba wakati biashara inatafuta miguu. Maana yake ni kwamba siku nyingi trela itakuwa na mtu mmoja, na wa pili atafika jioni akishuka matatu.

Kwa hivyo trela yenu inafaa kupita mitihani miwili. Wa kwanza: mtu mmoja aweze kupika, kuhudumia na kupokea malipo bila kutembea sana. Trela ndefu inaweza kumchosha mtu wa peke yake, kwa sababu jiko liko mwisho huu na dirisha la kuuzia liko mwisho ule. Wa pili: jioni wawili mkiwa ndani, kila mtu awe na pa kusimama bila kumwambia mwenzake "hebu toka kwanza".

Andikeni pia menyu. Kahawa, chai na mandazi yaliyopikwa nyumbani vinahitaji nafasi ndogo. Chipsi na kuku vinahitaji kikaangio, sehemu ya kumenya na kukata, sinki na pa kuweka viazi. Menyu ikiongezeka baada ya trela kuisha, ni ujia ndio unaliwa.

Upana kabla ya urefu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo tufanye hesabu polepole.

Tuseme fundi amekupa trela yenye upana wa mita 1.6 kwa nje. Ukuta na fremu vinakula takriban sentimita 5 kila upande, unabaki na sentimita 150. Kaunta ya dirishani inachukua 45. Upande wa jiko unachukua 60. Ujia uliobaki ni sentimita 45. Hapo mtu mmoja anatosha, akiwa amesimama. Wawili hawapishani. Mmoja akigeuka na karai la mafuta ya moto, mwenzake hana pa kukimbilia.

Sasa fanya ile ile kwa upana wa mita 2. Ndani unabaki na sentimita 190. Ukiondoa kaunta 45 na jiko 60, ujia ni sentimita 85. Hapo mnaweza kupishana mgongo kwa mgongo bila kumwaga kitu.

Umeona tofauti? Trela ya mita 4 yenye upana wa 1.6 ni ndefu, lakini kwa watu wawili ni kama foleni. Trela ya mita 3 yenye upana wa 2 ni fupi, lakini ni jikoni. Fundi akikwambia, "Boss, ongeza mita moja tu kwa urefu, tofauti ni ndogo," mwulize kwanza atakuongezea nini kwa upana.

Na si sisi tu tunaopambana na hili. Kule Marekani na Ulaya kuna watu wawili wawili, wengi wao wastaafu, wanaonunua trela za kulala za kusafiria nchi nzima. Nao hubishana juu ya urefu, kisha wanagundua kinachowasumbua ni vitu vidogo: nani analala upande wa ukutani na lazima amruke mwenzake akienda msalani usiku, na kama mmoja anaweza kupika huku mwingine akipita. Iwe unalala ndani au unauza chipsi ndani, ujia ndio unaoamua amani.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Chukua chaki au kamba, nendeni kwa uwanja wa ploti, mchore trela yenu chini kwa vipimo vya ndani. Weka ndoo mahali pa kikaangio, meza mahali pa kaunta, dumu mahali pa sinki. Halafu fanyeni kazi ya kuigiza kwa dakika 20: mmoja anakaanga, mwingine anahudumia, mnapokezana sahani. Majirani watacheka, acha wacheke. Mkigongana mara tano kwa dakika 20 mkiwa kwa uwanja, jiulize itakuwaje saa moja ya usiku wateja kumi wakingoja.

Kila mita ina uzito wake

Trela ni trela kwa sababu inavutwa. Ikishindwa kuvutwa, imekuwa kibanda chenye magurudumu.

Chukua shiti ya chuma ya futi 4 kwa 8, geji 18. Moja ina uzito wa karibu kilo 28. Trela ya urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.1 inahitaji karibu shiti 7 kwa kuta na paa. Ya mita 3 inahitaji karibu 9. Ya mita 4, zaidi ya 11. Ongeza sakafu ya chuma cha milimita 3, ambayo ni kama kilo 24 kwa kila mita ya mraba. Ukijumlisha, kila mita moja unayoongeza kwa urefu inaongeza karibu kilo 105, na hapo hatujahesabu fremu, ekseli, magurudumu wala makabati.

Halafu pakia biashara. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 13, ikiwa imejaa, ni kama kilo 27 kila mmoja ukihesabu na chuma chake. Gunia la viazi, kilo 50. Dumu la mafuta la lita 20, karibu kilo 18. Madumu matano ya maji ya lita 20, kilo 100. Beli moja ya unga, kilo 24. Hiyo ni karibu robo tani, na bado wenyewe hamjaingia.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua saizi, jueni gari litakaloivuta. Kama ni gari lenu, kitabu chake kinasema kiwango cha uzito linaloweza kuvuta. Fuateni hicho, si maneno ya mtu wa gereji. Kama mtakodisha pikapu, ulizeni bei ya safari moja na mwiandike kwa bajeti. Siku ya kuhama, trela ivutwe tupu: maji yamwagwe, gesi na magunia yapande gari. Vile vitu vizito ambavyo haviondoki, kama friza, vikae karibu na ekseli, na mbele pawe pazito kidogo kuliko nyuma. Trela iliyolemea nyuma huyumba barabarani.

Na kwa sisi wa Njiru kuna jambo la udongo. Ule udongo mweusi unaonata, kuanzia huku kwetu mpaka Utawala na Ruai, ukiloa mwezi wa nne unashika gurudumu kama chapati mbichi. Trela nzito ikisimama hapo wiki mbili za mvua inazama upande mmoja, na dirisha linaanza kukataa kufunga. Tandaza kokoto au mawe bapa chini ya magurudumu na chini ya miguu ya kuegemezea kabla ya kuiweka. Kila kilo 100 mliyopunguza mtaishukuru siku hiyo.

Mita 2, 3 au 4: nani anafaa wapi

Mita 2 ni ya mtu mmoja, au ya wawili wanaopokezana zamu. Kahawa, chai, smoki, juisi, soda. Ni nyepesi, ni rahisi kuhamisha, na inaingia kwenye nafasi ndogo karibu na steji. Mkitaka wote wawili kuwa kazini, mmoja asimame nje na kuhudumia kutoka meza ya kukunja.

Mita 3 yenye upana wa mita 2 ndiyo tunayoona inawafaa wawili wengi wanaoanza na chakula cha moto. Mmoja anakaanga, mwingine yuko dirishani, na siku ya mtu mmoja kila kitu kiko hatua mbili tu.

Mita 4 ni ya wawili na mfanyakazi wa tatu, au menyu ambayo tayari ina wateja. Kama mna kibanda sasa hivi, na jioni watu wanaondoka kwa sababu foleni ni ndefu na nyinyi hamwezi kupika haraka zaidi, basi mita 4 ina sababu. Kama bado hamjauza sahani ya kwanza, hiyo mita ya nne ni matumaini tu, na matumaini yanalipiwa kwa pesa taslimu.

Mkiwa katikati, mmoja anataka kubwa na mwingine anataka ndogo, kuna njia ya tatu: ongezeni nafasi nje. Kibao cha dirisha kinachofunguka kuwa kaunta, turubai ya kukunja juu ya wateja, rafu ya nje na stuli nne zinawapa karibu nafasi ya mita nzima, na haziongezi uzito mkubwa. Mwambie pia fundi aache sehemu ya kufunga vitu hivyo mapema.

Kwa saizi yoyote, msikubaliane kupunguza haya: mtungi wa gesi ukae nje kwenye kizimba chake chenye hewa, kizima moto kiwe karibu na mlango na si nyuma ya jiko, na njia ya kutoka isipite mbele ya kikaangio.

Mahali pia panachagua saizi

Pimeni nafasi mtakayoegesha kabla ya kumpigia fundi. Pimeni na geti la kuingilia. Kama ni ploti ya mtu, mwandikiane na mwenye ploti: kodi, maji, umeme, na notisi ya kuhama. Kama ni kando ya barabara, ulizeni kama hapo ni hifadhi ya barabara. Wanaofanya biashara Eastlands wanajua kinachotokea notisi ikija na tingatinga nyuma yake. Wenye trela nyepesi huita pikapu usiku huo huo na kuondoka na mali yao. Hiyo ndiyo faida ya magurudumu, na ndiyo sababu tunarudia neno uzito.

Kumbukeni trela ikivutwa barabarani ni chombo cha barabara kisheria. Inasajiliwa NTSA, inapata namba yake inayoanza na herufi Z, na inahitaji taa za nyuma na riflekta zinazofanya kazi. Upande wa Kaunti ya Nairobi mtahitaji leseni ya biashara, na kila mmoja wenu anayegusa chakula anahitaji cheti chake cha afya. Wawili, vyeti viwili. Wekeni gharama hizo kwenye bajeti sasa, ili kanjo wakifika msiwe mnatafuta pesa.

Gawa pesa kabla ya kugawa mita

Tukifika hapa, wengi huwa tayari wameshajua saizi yao. Iliyobaki ni kuhakikisha saizi hiyo haimalizi akiba yote.

Tuchukue mfano, namba hizi ni za kuonyesha hesabu, si bei ya soko. Mna KSh 500,000. Trela isizidi 300,000. Vifaa kama kikaangio, friza, gesi na vyombo, 90,000. Usajili, leseni na vyeti, 30,000. Zinabaki 80,000 za mali ya kwanza na kodi ya miezi miwili mkiwa bado mnajulikana. Trela ya 450,000 ingependeza zaidi kwa picha, lakini ingewaacha na 50,000 ya kila kitu kingine, na trela nzuri isiyo na viazi haiuzi.

Pimeni hiyo mita ya ziada kwa faida. Kama inagharimu KSh 80,000 na sahani moja ya chipsi inawaachia faida ya bob 30, mnahitaji kuuza karibu sahani 2,667 zaidi ili kuirudisha. Si sahani zenu za kawaida. Ni zile ambazo msingeuza bila hiyo mita. Mkiona zipo, ongezeni. Msipoziona, ngojeni.

Kama bado mnaweka akiba, fungueni mfuko mmoja wa akiba wenye lengo kwenye simu, na kila mmoja atume KSh 500 kwa siku. Wawili ni 1,000 kwa siku. Siku 300 ni 300,000. Kila mmoja aone salio, asiwe mmoja tu ndiye anajua.

Mlipe fundi kwa hatua

Iwe fundi wako yuko Kariobangi Light Industries, Kamukunji au hapo tu Njiru, msitume pesa zote mara moja. Kwa trela ya 300,000 mgawo huu unafanya kazi vizuri: asilimia 40, yaani 120,000, ya kununua vyuma, asilimia 30, yaani 90,000, fremu ikisimama na mkiipima wenyewe, asilimia 20, yaani 60,000, kuta, sakafu na dirisha vikiisha, na 30,000 ya mwisho mkiichukua, baada ya kuivuta na kuona taa zinawaka.

Malipo ya pili ndiyo muhimu zaidi. Nendeni na futi kamba, nyote wawili. Fremu bado inaweza kurekebishwa. Ukuta ukishafungwa, haiwezekani.

Mkilipa kwa simu, fanyeni hivi:

Andikeni makubaliano kwanza: urefu, upana wa nje, upana wa ujia, kimo, geji ya chuma, tarehe ya kumaliza na hatua za malipo. Piga picha, mtumie fundi, naye ajibu amekubali.

Lipeni kwa namba ya till au paybill ya karakana ikiwa wanayo. Kama ni namba ya mtu, jina linaloonekana kabla muamala haujakamilika liwe la yule mliyeandikiana naye. Jina likiwa lingine, simama.

Fundi akibadilisha namba ghafla kwa ujumbe, mpigie kwa namba ya zamani umsikie sauti. Wezi wanapenda malipo ya hatua kwa sababu wanajua pesa inakuja.

Msifute ujumbe wa kuthibitisha muamala. Ndio risiti yenu.

Wawili, till moja

Siku ya kufungua, kuweni na namba moja ya biashara iliyobandikwa dirishani, si namba yake na namba yako. Wateja wakituma kwa simu mbili tofauti, jioni hakuna anayejua mmeuza kiasi gani, na hapo ndipo maneno huanza: "Zile za mchana ziko wapi?" Pesa zote ziingie kwa till, kila mmoja wenu ajitoe mshahara mliokubaliana, hata kama ni KSh 300 kwa siku, na kinachobaki kiitwe cha biashara. Kila Jumapili kaeni na taarifa ya miamala ya wiki, mwone saa ambazo mliuza sana. Baada ya miezi sita hiyo taarifa itawaambia kama kweli mnahitaji trela kubwa zaidi.

Kabla ya kutuma ile dipositi, kila mmoja ajibu maswali haya matano kwenye karatasi yake bila kuangalia ya mwenzake. Nani yuko ndani Jumatatu asubuhi? Ujia ni sentimita ngapi? Gari gani litaivuta? Tukiambiwa tuhame kesho, tunaenda wapi? Trela ikiisha kulipwa, tunabaki na shilingi ngapi? Majibu yakifanana, mpigieni fundi. Yasipofanana, pesa iendelee kukaa kwenye akiba wiki moja zaidi, mkizungumza.